Sio kila mwenye mahitaji maalum lazima apigwe nusu kaputi ili atibiwe jino

Kuna maneno nimeyasikia kwa wazazi, kwa walezi na hata kwa watu wa afya wenyewe, "mtoto kama huyu hawezi kutibiwa meno mpaka apigwe nusu kaputi", yaani alazwe usingizi kabisa kwa dawa. Yanasemwa kirahisi tu kama vile hakuna cha kujadili, alafu kinachofuata ni kwamba kuna familia zinaiogopa hiyo nusu kaputi kwa hiyo zinaacha jino lioze mpaka liishe lenyewe, na kuna familia zinakaa kwenye foleni ya thieta miezi na miezi kwa kitu ambacho kingeisha kwa dakika kumi kama dokta angekuwa na subira na mgonjwa angeandaliwa. Mimi nina mdogo wangu mwenye usonji, sasa hivi ni mtu mzima, na maneno hayo tuliambiwa akiwa na miaka saba, tukayaamini, na ameumwa kimya kimya miaka mingi kwa sababu ya kuyaamini. Ndio maana nataka niifungue hii mada pole pole, maana watu wanachanganya vitu visivyofanana kabisa.

Kwanza tuelewane maneno. Mgonjwa mwenye mahitaji maalum sio mtu mwenye meno ya aina nyingine, mara nyingi meno ni yale yale na yanaoza kwa sababu zile zile. Ni mtu ambaye ukimhudumia kwa mtindo wa kawaida, yaani njoo, kaa, fungua mdomo, vumilia, inashindikana au inamuumiza kwa sababu ya mwili wake, akili yake, hisia zake au dawa anazotumia. Kwa hiyo humo yupo mwenye usonji, yupo mwenye mtindio wa ubongo, mwenye sindromu ya Down, mwenye kifafa, kiziwi, asiyeona, bibi ambaye kumbukumbu zimeanza kumpotea, na yupo pia mtu mzima mwenye afya zake ila hofu ya meno imemshika mpaka akisikia mlio wa ile mashine anatokwa jasho. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, karibu mtu 1 katika kila watu 6, kwa hiyo tusiongee kama ni kundi dogo la pembeni.

Sasa kwenye mkanganyiko wenyewe. Watu wanasema "alichomwa sindano ya usingizi" wakimaanisha vitu vitatu tofauti. Chukulia mwili wa mtu kama nyumba yenye umeme. Ganzi inazima taa ya chumba kimoja, jino moja au upande mmoja wa taya hausikii maumivu lakini mwenye nyumba yuko macho, anasikia kila kitu, anaona kila kitu. Dawa ya kutuliza inapunguza mwanga wa nyumba nzima, mtu bado yupo, ukimwita anaitika, ila wasiwasi umeshuka. Nusu kaputi inazima meni swichi, hajui kinachoendelea na kuna mtaalamu kazi yake ni kumsimamia kupumua mpaka umeme urudi. Ukishaliona hilo utaelewa kwa nini ganzi peke yake haimsaidii mtu mwenye hofu, maana ganzi inaondoa maumivu, haiondoi hofu, na wengi tunaowaita wasumbufu hawalii kwa sababu ya maumivu ya wakati ule, wanalia kwa sababu ya hofu ya kile wasichokielewa.

Hapo katikati kwenye kutuliza ndipo panapofahamika kidogo zaidi. Ipo gesi inaitwa naitrasi oksaidi, sio kitu kipya, daktari wa meno Horace Wells wa Marekani aling'olewa jino lake mwenyewe akiwa ameivuta mwaka 1844. Siku hizi inachanganywa na oksijeni, mtu anavutia puani kwa kikofia kidogo, anajisikia mwepesi na hajali sana, na kazi ikiisha anapewa oksijeni tupu kwa kama dakika 5 alafu gesi imetoka mwilini. Shida yake ni kwamba lazima mtu akubali kitu kikae puani na aweze kuvuta hewa kwa pua, kwa hiyo mwenye mafua makali au asiyevumilia kuguswa uso, hiyo haitafanya kazi, na dokta asiposema hilo mzazi anaondoka anaamini gesi imemshinda mwanae. Zipo pia dawa za kunywa, za kupuliza puani au za kupitisha kwenye mshipa, hizi zina nguvu zaidi na zinahitaji vifaa vya kupima oksijeni na mapigo ya moyo, na mtu anatakiwa aje tumbo tupu kwa masaa watakayokwambia. Masaa hayo usiyakate hata kidogo kwa huruma, maana mtu aliyelegea akitapika chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Na tafadhali sana usimpe nyumbani kidonge au dawa ya maji "ya kumlegeza kidogo" kabla hamjaenda, hata kama ni ile aliyowahi kuandikiwa. Dawa mbili za kulegeza zikikutana mwilini zinaweza kusimamisha pumzi.

Nusu kaputi yenyewe sio adui. Mtu mwenye meno nane yameoza, ana usaha, hakubali hata kioo kidogo kuingia mdomoni, kumlaza mara moja na kumaliza kila kitu ni huruma kubwa kuliko kumrudisha mara kumi. Wazazi wananiuliza kama inaharibu akili ya mtoto. Upo utafiti mkubwa uliotoka 2019 uliofuatilia watoto wachanga waliopata nusu kaputi ya chini ya saa moja, walipopimwa wana miaka 5 hawakuonekana nyuma ya wenzao waliofanyiwa kwa ganzi. Hilo halimaanishi irudiwe rudiwe bila sababu, na mwenye matatizo ya moyo au ya njia ya hewa ana mahesabu yake ambayo daktari wa usingizi lazima ayafanye mapema. Lakini kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba nusu kaputi inatibu meno ya leo tu. Akiamka, hofu yake ya kile kiti iko pale pale na mswaki bado ni vita, kwa hiyo usipofanyia kazi hayo mawili baada ya muda mtarudi thieta tena.

Sasa twende chini kabisa ya ngazi, kwenye vitu ambavyo havina sindano wala gesi, na hapa ndipo ningeomba usome taratibu.

Hebu jiweke kwenye kile kiti. Unalazwa chali mbele ya mtu usiyemjua, taa kali ya machoni, harufu ya dawa na ya glavu, mashine ambayo inazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika inalia sentimita chache kutoka sikioni, bomba linanyonya mate kwa kelele, na mikono miwili iko ndani ya mdomo wako kwa hiyo huwezi hata kusema basi. Sisi wengine ubongo unatuchujia, unaipunguza sauti. Kwa watu wengi wenye usonji hakuna kitufe cha kupunguza, kila kitu kinaingia kwa sauti ya juu kwa wakati mmoja. Akipiga teke pale sio utovu wa adabu, ni mtu anayetoka kwenye moto.

Kwa hiyo unapunguza moto. Miwani ya jua, hedifoni zenye wimbo anaoupenda, taa ya dari izimwe ibaki ile ya kazi tu na isipite machoni, kiti kiwe kimeshalazwa kabla hajakaa kwa sababu wengi kinachowatisha ni ule mwendo wa kuangushwa nyuma. Omba miadi ya kwanza ya asubuhi, au subirini nje mpigiwe simu zamu ikifika, maana saa nzima ya kusikia watoto wengine wakilia inaharibu kila kitu kabla hamjaingia. Kuna wanaotulia wakiwekewa kitu kizito kifuani, na pale kwa dokta kipo tayari, ile aproni nzito ya eksirei. Hizi sio porojo za kujifariji. Utafiti uliochapishwa 2023 huko Los Angeles, wa watoto zaidi ya 100 wenye usonji, kila mtoto alisafishwa meno mara moja kwenye chumba cha kawaida na mara nyingine kwenye chumba chenye mwanga hafifu, muziki wa taratibu na kitambaa kizito cha kumkumbatia, na miili yao yenyewe ilionyesha msongo umeshuka kwenye kile chumba tulivu. Hakuna dawa iliyoongezwa.

Alafu kuna namna ya kuongea. Madaktari wa meno wana njia ya tangu 1959, sema, onyesha, fanya. Unamwambia mtu kitu kwa maneno rahisi, unamwonyesha kwenye kidole chake au kwenye mkono wa mama, ndipo unafanya mdomoni, na unafanya kile kile ulichosema bila kuongeza. Hapo kwenye bila kuongeza ndipo wengi wanapokosea. Ukimwambia mtu nahesabu mpaka kumi alafu natoa mkono, ukifika kumi unatoa hata kama ulibakiza kidogo tu, kwa sababu ukiiba sekunde tano leo umepoteza miadi tatu zijazo. Mdogo wangu anahesabu mwenyewe kichwani, huwezi kumdanganya.

Na lugha yetu ina mitego. Tunasema jino lina mdudu, tunasema wanaua mshipa, tunasema jino limekufa. Mtu anayechukua maneno kama yalivyo anasikia nini? Dokta mmoja alimwambia mdogo wangu kwa upole kabisa "kuna mdudu humu tutamtoa", akakaa siku tatu hataki kulala wala kufunga mdomo kwa sababu alikuwa anajua kuna kitu hai kinatembea ndani. Sema jino lina shimo, shimo tutaliziba, sehemu hii itakuwa nzito kama mguu uliokufa ganzi alafu itarudi. Na usiseme haitauma kama huna uhakika, sema utasikia kama nimekuminya, ukiona imezidi nyanyua mkono nitaacha.

Ziara za mazoezi nazo watu wanaziona kupoteza muda, mimi naziona ndio matibabu yenyewe. Siku ya kwanza mnaenda mnaona mlango na mnasalimia mapokezi, basi. Siku nyingine anakaa kwenye kiti dakika moja na nguo zake na mdoli wake. Siku nyingine meno yanahesabiwa kwa kidole. Sisi ilituchukua ziara nne kabla kioo hakijaingia mdomoni, na nyumbani katikati tulikuwa tunafanya mazoezi na kijiko na tochi ya simu, analala kitandani mimi nahesabu meno yake alafu yeye anahesabu yangu. Tulipiga picha za kila kitu, mlango, kiti, dokta bila barakoa na dokta mwenye barakoa, tukazipanga kwa mfululizo, usiku kabla ya kwenda anazipitia mwenyewe, na picha ya mwisho ni ya nyumbani, kwa sababu kitu alichokuwa anataka kujua zaidi ni kwamba hii kitu ina mwisho.

Wengine shida yao haipo kwenye hisia, ipo kwenye mwili, na wanahukumiwa vibaya vile vile. Mwenye mtindio wa ubongo akiguswa mdomo taya linaweza kufunga lenyewe kwa nguvu, sio kwamba amekuuma makusudi, ni mwili umejibu bila kumuuliza. Anasaidika kwa kutolazwa chali kabisa, mito chini ya magoti na shingo, kichwa kishikiliwe katikati, kizuizi laini cha kuuweka mdomo wazi, na kuambiwa kabla ya kila sauti ya ghafla. Kama yuko kwenye kiti mwendo na kinamkaa vizuri, mara nyingi anaweza kutibiwa humo humo bila kuhamishwa. Mwenye sindromu ya Down, karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo, kwa hiyo dokta wa meno lazima ajue kabla kwa sababu baadhi wanahitaji dawa ya kuua bakteria kabla ya kung'oa, na shingo zao baadhi ni legelege hivyo kichwa kisivutwe nyuma kwa nguvu. Mwenye kifafa taa isimulike machoni, na kama anatumia fenitoini na fizi zimevimba kupanda juu ya meno sio uchafu wake, dawa hiyo inajulikana kwa hilo, asiache dawa, aongee na madaktari wote wawili. Kiziwi barakoa imemfungia midomo unayoongea nayo, ishushe ukiwa mbali kidogo ndipo uongee, mkubaliane ishara za mkono kabla ya kuanza. Asiyeona usimguse kabla hujasema, mwache ashike kioo, asikie mlio wa mashine ikiwa mbali. Bibi aliyepoteza kumbukumbu mpeleke asubuhi akiwa hajachoka, sentensi moja moja, na mtu anayemjua amshike mkono muda wote.

Kuna jambo lazima niliseme hata kama linauma. Watu wanne kumkandamiza mtu mmoja kwenye kiti ili jino litoke, wakati hakuna dharura, sio ujasiri na sio "kwa faida yake". Naelewa kuna wakati mkono unashikwa kwa sekunde chache ili sindano isimchome jicho, hilo ni jingine, na liwe limekubaliwa kabla na mzazi au na yeye mwenyewe. Lakini kile kitendo cha kumfunga mtu anayepiga kelele, nimekiona, na nimeona kilichofuata, miaka sita hakuna aliyeweza kumsogelea na mswaki. Unang'oa jino moja unapoteza mdomo mzima.

Lingine ni maumivu yasiyo na maneno. Mdogo wangu kuna kipindi alianza kujipiga shavu, hataki kula, anaamka usiku, anatafuna kola ya shati. Tuliambiwa usonji umezidi, dawa zikaongezwa, akawa mtu wa kusinzia tu. Miezi mitano baadaye dokta wa meno, kwa tochi tu, akaona jino la nyuma limetoboka mpaka ndani. Lilipotoka, kujipiga kukaisha wiki ile ile. Kwa hiyo mtu asiyeongea akibadilika ghafla, akianza kujipiga usoni, kukataa vitu vigumu, kutafuna upande mmoja, kuuma mkono wake, angalia mdomo kwanza kabla hujaulaumu ulemavu wake.

Na habari njema ambayo haisambai vya kutosha ni kwamba sio kila shimo linahitaji ile mashine inayolia. Kuna dawa ya majimaji yenye silva na floraidi, inapakwa kwa kibrashi kidogo, inasimamisha kuoza bila kuchimba, ubaya wake sehemu iliyooza inageuka nyeusi moja kwa moja kwa hiyo mzazi aambiwe kabla. Kuna pia kuziba kwa vifaa vya mkono tu, dokta anakwangua sehemu laini iliyooza na kuweka simenti yenye floraidi, njia hii ilianzia Tanzania miaka ya katikati ya 1980 na Shirika la Afya Duniani likaitangaza 1994. Ilibuniwa kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, lakini kwa mtu anayeogopa mlio imekuwa mkombozi. Ukienda uliza kwa jina la kazi, "kuna namna ya kuziba bila mashine?", usisubiri uambiwe.

Nyumbani sitakaa sana. Ukimpiga mtu mswaki simama nyuma yake sio mbele, kichwa chake kiegemee kifuani kwako, mpini wa mswaki unenepeshwe kwa kitambaa kama mkono wake haushiki vizuri, dawa ya meno yenye floraidi, ateme asisukutue. Na zile dawa za maji za kila siku nyingi zina sukari, ukimpa usiku akalala nazo mdomoni hapo ndipo mashimo yanapoanzia, muulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari.

Mkitoka kwa dokta ganzi inabaki kwenye mdomo masaa mawili mpaka manne na ndio wakati wa hatari, maana mtu hasikii, anatafuna mdomo wake mwenyewe mpaka unachanika, kaa naye, asile mpaka ganzi iishe. Alafu wakati bado unakumbuka andika. Sisi tuna daftari la shule la kawaida, kila ziara ukurasa mmoja, na ukurasa huo ndio tunamsomea mapokezi kwenye simu wiki moja kabla ya ziara inayofuata. Wa mwisho unasema hivi: kiti kilazwe kabla, glavu za bluu sio nyeupe, hesabu mpaka nane, maana kumi ni nyingi, usimwite mtoto, alikaa dakika kumi na nne, alitoka anatembea mwenyewe.